Duka la dawa walisema ng'ombe wangu ana "tezi". Kumbe lilikuwa jua. Halafu ikaja tezi yenyewe

AfandeMstaafu (Nakasongola), mwanzisha uzi

Wafugaji, habari za jioni. Uzi ni mrefu na una sehemu mbili. Ya pili ndiyo inayonikosesha usingizi. Kiswahili changu ni cha Bombo na cha kambini, mtanistahimili.

Nilipostaafu nilihamia Nakasongola na chotara watano wa Friziani niliokuwa nawafuga Bombo. Bombo asubuhi kuna ubaridi na matete hayakauki upesi. Nakasongola anayeijua anaijua: miiba, vichuguu, na kuanzia Desemba mpaka Februari jua halina simile. Nikawajengea banda la mabati, paa la chini, maana nguzo ndefu ni hela. Hilo paa lishikeni, nitalirudia.

Kuna mmoja namwita Sajini kwa jinsi anavyowapanga wenzake horini. Alikuwa ananipa lita 16 kwa siku. Januari akashuka 13, kisha 11, mwisho wa mwezi 9. Asubuhi nampima joto: 38.6, hana homa. Kupe hana, tezi za limfu za chini ya masikio hazijavimba, kwa hiyo si ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe (majirani Waganda wanauita amakebe). Ila hori linabaki nusu. Mchana kutwa amesimama, halali, mdomo wazi, mate yanaburuzika hadi magotini.

Nikaenda duka la dawa za mifugo, nisilitaje. Kijana akanisikiliza nusu dakika: "Mzee, huyo tezi ya shingo imelala. Mpe iodini." Akanishauri nipeleke na damu maabara. Maabara yenyewe ni ya watu, lakini wakapokea. Karatasi ikarudi na homoni inaitwa T4, pembeni wameweka mshale wa kushuka kwa wino mwekundu. Mtu wa kambini akiona wino mwekundu anatii amri. Nikanunua sindano za iodini, Sajini akachomwa.

Wiki mbili, maziwa 9. Wiki ya tatu, 8 na nusu.

Swali langu la leo: hivi tezi ya ng'ombe inalala kweli? Na kama imelala, kwa nini iodini haikuiamsha? Sehemu ya pili nitaandika nikipata majibu, maana sitaki kuchanganya mambo.

MalabaTransit

Afande, pole sana. Hiyo karatasi ya maabara bado unayo? Weka hapa tuione.

AfandeMstaafu

Ninayo. Imeandikwa jina la mgonjwa: "Sajini". Umri: miaka 5. Kijana wa mapokezi alidhani ni mtoto wangu.

MalabaTransit

😂😂😂 Sasa hapo mshale mwekundu utakosaje!

DktKijijini (Mbarara)

Mzee Afande, shikamoo. Mwenzangu amecheka lakini amegusa penyewe. Mashine ya maabara ya watu inalinganisha namba na viwango vya binadamu. Damu ya ng'ombe unaweza kuipima kwa mashine hiyo, ila mshale haukuambii kitu. Na hata ungekuwa na kiwango cha ng'ombe mkononi, ningekuuliza kwanza: alizaa lini? Damu ilitoka mwezi gani? Alikuwa anakula? Ng'ombe aliyetoka kuzaa, anayemwaga maziwa mengi kuliko anavyokula, homoni hizi huwa chini kwa kawaida, kisha zinapanda taratibu miezi ya mbele. Ukimchukua siku hiyo utasema mgonjwa, naye mzima.

Nianze mwanzo, maana naona watu wanaisema tezi kama vile ni jini.

Iko kooni, chini kidogo ya zoloto, vipande viwili vimekumbatia bomba la hewa kushoto na kulia, vimeshikanishwa na kipande chembamba. Inachukua iodini kutoka kwenye damu na kutengeneza homoni. Yenye chembe nne za iodini ndiyo T4, yenye tatu ni T3. T4 ni akiba ya ghalani. T3 ndiyo inayokwenda shambani. Sehemu kubwa ya T3 haitoki kwenye tezi moja kwa moja, bali ini na viungo vingine huinyofoa T4 chembe moja. Kazi hiyo ya kunyofoa inahitaji pia madini ya seleniamu. Amri ya kuzalisha inatoka chini ya ubongo, na homoni ikizidi kwenye damu, ubongo unaona na kupunguza amri.

Sasa kazi yake. Kila nyumba hapa ina sigiri. Sigiri ina kile kidirisha cha chini cha hewa: ukikifungua mkaa unawaka kwa kasi, chakula kinaiva, mkaa unaisha. Ukikiziba, moto unalala lakini hauzimi. Homoni za tezi ndizo mkono ulioshika kidirisha hicho. Zikipanda, kila chembe ya mwili inachoma zaidi, moyo unakwenda kasi, tumbo linasukuma chakula haraka, joto la mwili linazalishwa. Zikishuka, kinyume chake.

Ng'ombe wa maziwa ni sigiri mbili. Moja ni tumbo la kwanza: wale vijidudu wanaochachusha majani wanatoa joto, ndiyo maana mtu akitia mkono ndani ya tumbo la ng'ombe aliyechinjwa muda huo huo anashangaa. Ya pili ni utengenezaji wa maziwa wenyewe. Friziani mwenye maziwa anastarehe kati ya nyuzi 5 hadi 25 hivi. Mzee, banda lako saa nane mchana ni ngapi?

AfandeMstaafu

Daktari, marahaba. Nilitundika kipimajoto juzi. Saa nane, nyuzi 36 chini ya mabati. Nje kivulini 32.

DktKijijini

Basi banda linamwongezea nyuzi nne badala ya kumpunguzia. Ndilo lile paa ulilosema tulishike.

Kwenye nyuzi 36 joto haliwezi kutoka mwilini kwa njia ya kawaida, kwa sababu nje kunakaribia kuwa kama ndani. Anabaki na kutweta na jasho. Hivyo mwili unafanya la busara: unapunguza kuni na kuziba kidirisha. Kuni ni chakula, ndiyo maana hori limebaki nusu. Kidirisha ni tezi, ndiyo T4 yako iliyoshuka. Haishuki siku hiyo hiyo, maana homoni iliyokwisha kutoka inaendelea kuzunguka kwenye damu kwa muda. Jua likikaa siku kadhaa mfululizo ndipo unaiona.

Sasa swali ambalo watafiti waliligombania miaka mingi: tezi inashushwa na joto, au inashushwa na njaa inayoletwa na joto? Maana hata ukimnyima ng'ombe chakula kwenye kivuli kizuri, T3 inashuka. Ini linaacha kuinyofoa T4 kwa njia ile ya kazi na kuinyofoa upande mwingine, inatoka T3 isiyofanya kazi. Mwili ukiona ghala tupu hauchomi ovyo. Kwa hiyo waliwaweka ng'ombe kwenye vyumba vya kurekebisha joto (Chuo Kikuu cha Missouri kule Marekani kilikuwa na vyumba hivyo mapema sana), na baadaye wengine wakawapanga wawili wawili: mmoja kwenye joto anakula atakacho, mwenzake kwenye baridi anapewa kiasi kile kile alichokula wa kwenye joto, si zaidi. Wa baridini naye maziwa yanashuka, kwa njaa. Lakini wa kwenye joto anashuka zaidi yake. Kupungua kula kunaeleza karibu nusu tu ya maziwa yaliyopotea. Inayobaki ni ya joto lenyewe. Tezi nayo ni vivyo hivyo, inapigwa na yote mawili.

Kwa nini iodini haikumwamsha? Kwa sababu hakukosa iodini. Tezi yake ilikuwa na malighafi, ila amri haikutolewa. Ni kama kumwagia mkaa fundi aliyeambiwa asifue chuma leo.

Mhaya_Karagwe (Tanzania)

Naomba kuingilia. Huku kwetu iodini tunaiita "madini joto", na hilo jina limetuponza. Babu yangu alikataa kuwapa ng'ombe chumvi ya madini joto kiangazi, akisema utawaongezea joto. Na jirani yetu wakati wa mvua za baridi anawazidishia, ati wapate moto. Mimi mwenyewe mpaka leo nilikuwa nusu naamini.

DktKijijini

Jina zuri, tafsiri mbaya 😀 Madini joto ni malighafi ya homoni. Yakishatosha, ukiongeza hayaongezi moto. Ya ziada yanatoka na mkojo na maziwa. Yakizidi sana yanamdhuru. Ng'ombe anayenyonyesha anahitaji karibu nusu miligramu kwa kila kilo ya chakula kikavu anachokula, basi. Ng'ombe wa babu yako alihitaji chumvi ile masika na kiangazi, sawasawa.

MalabaTransit

Daktari, mimi ni mtu wa biashara, nafikiria hivi. Kama homoni ndiyo inayofungua kidirisha, na kidirisha kikifunguliwa maziwa yanatoka, si tuwape homoni yenyewe? Acha iodini. Homoni. Nimesikia kuna watu wanaongeza maziwa hivyo.

DktKijijini

Ndugu yangu, biashara hiyo ilikwisha kufanywa kabla hatujazaliwa. Miaka ya 1940 Marekani na Uingereza walichukua protini ya maziwa, wakaichanganya na iodini mpaka ikawa inafanya kazi ya homoni ya tezi, wakawalisha ng'ombe. Maziwa yalipanda kweli. Lakini ng'ombe walikonda, moyo ukawa unapiga kasi, walihitaji chakula kingi zaidi kufikia maziwa hayo, na siku uliyoacha kuwapa, maziwa yaliporomoka chini ya pale yalipoanzia, kwa kuwa tezi yao wenyewe ilikwisha kukaa chini. Na wale walikuwa nchi ya baridi. Mpe Sajini homoni hiyo kwenye nyuzi 36 uone: umefungua kidirisha cha sigiri iliyo ndani ya blanketi.

MalabaTransit

Sawa sawa, nimerudisha mfuko wangu.

MamaZiro (Kabale)

Mimi niko upande wa pili wa hadithi. Huku asubuhi kipimajoto kinasoma 10, mara nyingine chini ya hapo, na ukungu mpaka saa nne. Ng'ombe wangu wanakula kama wameajiriwa. Nepia debe kwa debe, na bado wananitazama. Hilo nalo ni tezi?

DktKijijini

Mama, nyuzi 10 kwa Friziani mkubwa aliyekauka vizuri si baridi, ndiyo raha yake. Mkoa wako ni mzuri kwa maziwa kwa sababu hiyo. Baridi inapokuwa kali kweli, tena na upepo na kulowa, homoni za tezi zinapanda, njaa inapanda, na tumbo linasukuma chakula haraka. Hapo kuna hila moja: chakula kinachopita haraka hakimeng'enywi vizuri. Anakula zaidi, na kwa kila kilo anapata kidogo. Kwenye joto ni kinyume: chakula kinakaa tumboni muda mrefu, kinameng'enywa vizuri zaidi kidogo, lakini kimekuwa kichache mno, hakifidii.

Wa kwako wa kuwaangalia ni ndama wadogo usiku. Ndama wa wiki moja kwenye sakafu ya saruji iliyolowa saa kumi alfajiri, huyo ndiye anayesikia baridi.

MamaZiro

Ahsante. Na nimeuliza pia kwa sababu nawapa majani ya kabichi yanayobaki sokoni, kila siku gunia. Mtu aliniambia kabichi inaharibu tezi, sikumwamini.

DktKijijini

Mwamini kidogo. Kabichi na ndugu zake wana vitu vinavyoizuia tezi kutengeneza homoni, na vingine kati yake huwezi kuvishinda kwa kuongeza iodini tu. Gunia la kuchanganya na nepia si neno. Kabichi kuwa chakula kikuu, kwa ng'ombe mwenye mimba, miezi, hapana.

AfandeMstaafu

Daktari, umenipa mahali pa kuanzia sehemu ya pili. Lakini kwanza niambie cha kumfanyia Sajini, maana kesho asubuhi niko bandani.

DktKijijini

Kwanza acha kumpima joto asubuhi. Asubuhi kila ng'ombe wa Nakasongola ni mzima, usiku umempoza. Mpime saa tisa alasiri. Akipita 39.2 joto limemshinda. Kama huna kipimajoto, simama nyuma yake kidogo pembeni, tazama ubavu unavyopanda na kushuka, hesabu dakika moja kwa saa ya mkononi. Zaidi ya 60, ana shida. Zaidi ya 80, usisubiri kesho.

Pili, saa za hori. Chakula kikiingia tumboni, moto wa kuchachuka unafika kileleni saa tatu nne baadaye. Wewe ukimwekea matete saa tatu asubuhi, moto huo unakutana na jua la saa saba utosini. Hamisha. Sehemu kubwa ya majani ale kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi usiku, kidogo alfajiri kabla ya kukamua. Mchana mwachie maji. Majani makavu yenye nyuzi nyingi ndiyo yenye moto mwingi kwa faida ndogo. Bora machanga, na nishati nyingine itoke kwenye pumba na mashudu, kwa kiasi, asije akapata asidi tumboni.

Tatu, maji. Mwenye maziwa kwenye joto hilo hupita lita 80 kwa siku. Yasiwe kwenye pipa jeusi juani.

Nne, paa. Ukishindwa kuliinua, weka nyasi juu ya mabati.

Lokiru_wa_Moroto

Nimesoma kimya. Huku Karamoja sisi hatuna Friziani wala hatuwataki. Ng'ombe wetu wenye nundu wanakonda Januari mpaka unahesabu mbavu kwa mbali, halafu mvua ya Aprili ikinyesha, mwezi mmoja na nusu wanang'aa. Watu wa miradi wanakuja Februari wanapiga picha wanasema wanakufa. Hawafi. Hiyo nayo ni kidirisha?

DktKijijini

Hiyo ndiyo hasa, tena umeieleza vizuri kuliko mimi. Ng'ombe wa nundu kwa asili moto wake wa mwili ni mdogo na jasho lake ni zuri. Ankole wetu huku naye, mpaka zile pembe: shina lake limejaa mishipa ya damu, ukilishika lina uvuguvugu. Malisho yakiisha, homoni za tezi zinashuka, gharama ya kuishi tu inapungua. Mvua inaporudi, anaanza kula vizuri huku gharama bado iko chini kwa muda, kwa hiyo chakula kingi kinageuka nyama. Ndiyo ule mng'ao wa mwezi mmoja na nusu. Ungekuwa umemchoma homoni Februari, ungemla Machi.

AfandeMstaafu

Sehemu ya pili.

Kwenye wale watano kuna mwingine, Koplo. Alikuwa na mimba. Ule ukame matete yalikauka yakawa fimbo. Majirani zangu wanalima muhogo, wakanipa majani bure, na maganda. Nikakata, nikatia horini yakiwa mabichi. Koplo aliyapenda sana. Desemba, Januari, Februari, kila siku.

Na chumvi: nilikwisha kumaliza pesa kwenye sindano za Sajini na zile za maabara. Kwa hiyo sikununua chumvi ya madini ya kopo, nikanunua gunia la chumvi ghafi ya Ziwa Katwe kutoka kwa mfanyabiashara wa barabarani. Ng'ombe wa baba yangu waliilamba hiyo hiyo, wakazaa.

Koplo alipitisha siku zake za kuzaa. Nilihesabu, akapita wiki nzima na zaidi. Mwenyewe amenona, ngozi laini, anakula vizuri, ukimwangalia utampa cheo. Akazaa Machi usiku, kwa shida, mimi na mchungaji tukimvuta. Ndama jike. Nilipompangusa kwa gunia nikahisi kitu si sawa, nikamwambia mchungaji alete tochi. Manyoya hakuna. Mabaka mabaka tu kichwani na mkiani, kwingine ngozi tupu, nene, imevimbavimba kama ya nguruwe. Na kooni, pande mbili, uvimbe. Niliushika. Si maji kama ule wa chini ya taya wa ng'ombe mwenye minyoo ya ini, ule ukibonyeza unabaki shimo. Huu ni mgumu kidogo, kila upande kama yai la bata, unateleza akimeza mate. Hakuweza kusimama. Nilimnywesha maziwa ya kwanza kwa chupa.

Koplo mwenyewe akabaki na kondo la nyuma siku mbili.

Daktari, hii ndiyo tezi?

DktKijijini

Mzee, hiyo ndiyo. Hilo ni rovu, lile lile la watu. Ndama yuko hai?

AfandeMstaafu

Yuko. Daktari wa wilaya nilimpigia asubuhi yake, akaja kwa pikipiki, akampa iodini kwa kipimo chake, akanionya nisichezee kipimo. Siku ya nne alisimama. Tumemvika gunia la kahawa lililokatwa matundu, maana hana koti.

DktKijijini

Alhamdulillah. Wengi huzaliwa wamekufa.

Sasa wenzangu tazameni tofauti, maana watu wawili wanaweza kuileta kliniki kwa jina moja. Sajini homoni zilishuka kwa sababu ubongo haukutoa amri. Tezi yake ukiipapasa hauisikii, iko ndogo imetulia. Ndama wa Koplo ni kinyume: ubongo unapiga kelele ileteni, ileteni, tezi inafanya kazi mpaka inavimba, lakini malighafi haipo. Wa kwanza alihitaji kivuli, wa pili iodini. Na sindano ilikwenda kwa yule wa kwanza.

Muhogo mbichi una sumu ile inayoua mbuzi wakila majani mengi. Ng'ombe akila kidogo kidogo hafi, mwili wake unaigeuza kuwa kitu kisichoua lakini kinachoziba mlango ambao iodini huingilia kwenye tezi. Kinapunguza hata iodini inayoingia kwenye maziwa, kwa hiyo ndama akizaliwa na deni, ananyonya deni. Habari njema ni kwamba mlango huu, tofauti na ule wa kabichi, ukiongeza iodini unafunguka. Majani ya muhogo yakikatwakatwa na kuanikwa mpaka yakauke, sehemu kubwa ya sumu inapotea. Usitupe chakula, kianike.

Chumvi ya Katwe si mbaya kama chumvi. Ila ile ghafi haijatiwa iodini. Ya dukani ya watu hutiwa iodini kwa sheria. Na hiyo nayo, gunia likikaa wazi juani na kunyeshewa, iodini inapungua.

Kuhusu baba yako: ng'ombe wake walilamba Katwe, lakini walitembea maili, wakala majani ya kila aina ya kila udongo. Koplo alisimama mahali pamoja akaletewa kitu kimoja siku tisini.

Mhaya_Karagwe

Lusina je, ule mti wa malisho? Tumepanda ua mzima, ng'ombe wanaipenda kupita nepia.

DktKijijini

Swali zuri. Lusina ina kemikali inayomwangusha manyoya mnyama, na ikivunjwavunjwa tumboni inatoka nyingine ya kuvimbisha tezi. Kuna bakteria wa tumboni wanaoweza kuimaliza. Waligundulika kwa mbuzi wa Hawaii waliokula lusina bila kudhurika, wakapelekwa Australia kuwekwa kwa ng'ombe. Kama hujui wako wanao au hawana, lusina isipite theluthi ya chakula. Kaliandra, mti mwingine wa malisho, haina neno hilo.

MamaZiro

Daktari, kwa hiyo kipimo cha damu hakina maana kabisa?

DktKijijini

Kina maana, kwa mwenye kujua anachouliza. Nikishuku upungufu wa iodini kwenye zizi, nitaanza na maziwa ya ng'ombe kadhaa, yanaonyesha iodini wanayokula. Na nitawapapasa ndama. Vidole vya bure kwanza.

AfandeMstaafu, wiki tano baadaye

Narudi kutoa ripoti, maana nyuzi nyingi humu zinakufa bila mwisho.

Paa sikuliinua, nimefunika nyasi, mafungu kumi na nane. Saa nane mchana ndani sasa ni 30. Jua nalo limepungua, mvua zimeanza, kwa hiyo sidai yote ni nyasi. Kabla ya mvua lakini nilikuwa nimekwisha kuhamisha hori, na hapo nina namba. Siku ya kwanza ya kuhesabu pumzi za Sajini saa tisa: 88. Baada ya wiki ya kula usiku, jua likiwa lile lile: 71. Maziwa kutoka 8 na nusu hadi 11. Mchungaji alilalamika kuamka usiku kujaza hori, tumekubaliana nyongeza kidogo kwa mwezi na tochi mpya.

Leo asubuhi 13. Kumi na sita sijaiona tena, na nadhani mpaka azae tena sitaiona.

Muhogo naanika juu ya turubai. Majani yakikauka yananukia kama chai, Koplo hayapendi kama zamani. Chumvi nimenunua ya madini, naiweka kwenye kibanda chake chenye paa.

Ndama tumemwita Kuruti. Uvimbe umepungua ila ukimshika koo bado unauhisi. Manyoya yameanza kuota mgongoni, meusi, mafupi, kama ya mtu aliyenyolewa jana. Gunia bado anavaa usiku. Tukimvua asubuhi anakataa, anazunguka banda akiliburuza.

MalabaTransit

Weka picha ya Kuruti na gunia lake!

AfandeMstaafu

Mtandao wa huku ni wa asubuhi tu, kabla jua halijawa kali. Kesho.